Shule Imefungwa, Friji Limefunguliwa

Jamani, theluji iliacha kudondoka juzi. Jua linawaka, barabara kuu imekauka, magari yanakimbizana. Lakini saa kumi na moja alfajiri simu inalia, sauti ya kompyuta inanisalimia kwa adabu zote, kisha inanitangazia kwamba shule zimefungwa na leo pia, usalama wa watoto kwanza. Na usalama wangu mimi?

Mwenzenu nalea wazee zamu ya usiku, huku viungani mwa Washington, upande wa Maryland. Wazee hawana siku ya theluji. Hakuna anayepiga simu alfajiri kusema bibi wa chumba cha mwisho leo haogeshwi kwa sababu ya hali ya hewa. Narudi asubuhi macho mekundu, nakuta mmoja anataka chapati, wa pili kamaliza maziwa, wa tatu kapanda kochi na mabuti yake. Nikijitupa kitandani tu, mlango unafunguliwa: "Baba, umelala?" Sasa hilo nalo ni swali la kumjibu nani?

Halafu msiniambie hawa watoto hawajaroga. Usiku nimewafuma wamegeuza nguo za kulalia nje ndani, kila mmoja ana kijiko chini ya mto, na mdogo yuko chooni anamimina vipande vya barafu na kuvuta maji. Nawauliza ni nini hiki, wananiambia ndivyo watoto wa Marekani wanavyoomba shule ifungwe. Yaani nimevuka bahari yote hii nije kugharamia uchawi kwa bili yangu mwenyewe ya maji! Na unafanya kazi, hilo ndilo linaloniuma.

Mimi msimamo wangu uko wazi: fungueni shule. Januari 2016 nilinyamaza, kwa sababu ile ilikuwa theluji yenye heshima zake. Pale uwanja wa ndege wa Baltimore (BWI) zilipimwa zaidi ya sentimita 70, na shule nyingi za huku zikafungwa wiki nzima. Hii ya sasa haijafika hata magotini. Jirani yangu mmoja, mzee aliyekulia Buffalo, jimbo la New York kwenye theluji nyingi, anasema kwao kiasi hiki ni vumbi. Mama watoto akamjibu kwamba Novemba 2014 vitongoji vya hiyohiyo Buffalo vilipofunikwa mita mbili, shule zilifungwa na watu wakakwama majumbani. Mzee akaokota beleshi lake akaendelea kukwangua.

Mama watoto, mnaelewa, yuko upande wa pili. Na ana kumbukumbu ya hakimu. Ukimwambia fungueni, anakutajia Atlanta, Januari 28, 2014: theluji haikufika sentimita 7, watoto wakalala shuleni, wengine wakakesha ndani ya mabasi barabarani. Ukisema huko Kusini hawajazoea, anavuka mto Potomac anakuletea Fairfax, jimbo jirani la Virginia, Januari 2015. Walifungua shule theluji ikidondoka, mabasi yakakwama, wazazi wakawaka, uongozi ukaishia kuomba radhi. Ndiyo maana, anasema, wakuu wa elimu wa kaunti siku hizi wakiona wingu wanafunga. Akifunga mkuu, analaumiwa na mimi. Akifungua, analaumiwa na dunia nzima. Wewe ungechagua nini?

Nikatoka nikaone mwenyewe. Kumbe barabara imekauka kwa sababu katapila limeisukumia theluji yote kando, na hapo kando ndipo kilipo kituo cha basi la shule. Pamekuwa kilima kigumu kama zege: chumvi, mchanga, matope, na kikombe cha kahawa cha mtu kinachungulia katikati. Sheria ya kaunti inampa mwenye nyumba saa 24 baada ya theluji kuacha awe amesafisha njia ya miguu mbele ya kwake. Mwenye nyumba ya pale kona yuko Florida anaota jua, na chake kilima kipo palepale. Mchana theluji inayeyuka, maji yanatambaa hadi barabarani, usiku yanaganda, asubuhi unakanyaga usichokiona. Chumvi nayo, baridi ikishuka chini ya nyuzi 9 hasi, nguvu inaiishia, inabaki pambo. Sawa. Lakini chapati nilikuwa nimeshakanda, na msimamo sijaubadilisha.

Tena kuna jambo halisemwi sana. Wako watoto hapa mtaani ambao chai ya asubuhi na chakula cha mchana vyote wanavipata shuleni. Wewe unafunga ili wasiteleze. Nyumbani sufuria liko tupu. Hilo nalo ni usalama wa namna gani?

Mama mkwe akapiga kutoka Muheza. "Baba, wajukuu zangu wamefukuzwa shule?" Shikamoo mama, hapana mama, ni theluji. "Si wana makoti?" Mama watoto alikuwa anaosha vyombo, akajifanya hasikii. Akadakia shemeji yangu wa Nairobi, kicheko mtindo mmoja, eti watoto wa Marekani mayai. Nikamuuliza 2024 muhula wa pili kwao ulifunguliwa lini. Kimya. Ulikuwa ufunguliwe Aprili 29, mafuriko yakausogeza hadi Mei 13. "Ile ilikuwa tofauti, shemeji." Ya mwenzio siku zote haina sababu.

Na msidhani hizi siku ni za bure. Maryland inadai siku 180 za masomo kwa mwaka, kwa hiyo zikizidi zile zilizotengwa kwenye kalenda, watoto wanazilipa mwezi wa sita, jua la utosi. Na Baltimore, hapo jirani, imeshawahi kuwarudisha watoto nyumbani mapema kwa sababu ya joto, baadhi ya shule zilikuwa hazina viyoyozi. Kwa hiyo Juni nisishangae ile sauti ya kompyuta ikinipigia tena. Nimeshamwomba bosi anihamishie zamu ya mchana.