Mwaridi Unahitaji Kuvu Kabla ya Mbolea

Mwezi uliopita niling'oa mwaridi uliokuwa umedumaa ndani ya kiriba, yaani mfuko wa kuoteshea miche, kwa miezi minane. Mizizi ilikuwa michache, ya kahawia, karibu haina vijizizi, na pembeni mwake zilibaki punje za DAP, mbolea ya dukani yenye fosforasi nyingi, ambazo nilikuwa nikiziongeza kila nilipoona majani yamenyong'onyea. Niliona uchungu, kwa kuwa mmea ule haukukosa chakula; nilikuwa nimeuvunjia ushirika wake na kuvu wa mizizini.

Ushirika huo ndio ambao mwaka 1885 mwanasayansi wa Ujerumani, Albert Bernhard Frank, aliupa jina la maikoraiza. Fosforasi haisafiri kwa urahisi udongoni, na katika udongo wetu mwekundu hushikwa na madini ya chuma na alumini, hivyo mzizi ukishamaliza iliyo karibu nao hubaki na njaa ilhali nyingine ipo sentimita chache tu mbele. Nyuzi za kuvu, ambazo ni nyembamba kuliko vinyweleo vya mizizi, huifuata huko na kuirudisha pamoja na zinki na maji, na mmea huwalipa kwa sukari iliyotengenezwa na majani. Lakini fosforasi ya dukani ikijaa tele kwenye kiriba, mmea hupunguza malipo hayo, na kuvu hudhoofika. Dawa za ukungu zinazomwagwa kwenye udongo, hasa za aina ya kabendazimu, huongeza madhara.

Kwa hiyo naona si sawa kwamba katika vitalu vingi vya kando ya barabara mche hupewa DAP siku ile ile unapohamishiwa kwenye kiriba. Miwaridi, mihibiskasi na miasumini yote hushirikiana na kuvu hawa, na kuwapata hakuhitaji fedha nyingi. Chukua ndoo ya udongo wenye vijizizi kutoka chini ya nyasi na vichaka vya asili vyenye afya, ukiepuka mizizi yenye vifundo vya minyoo. Changanya na mchanga uliochemshwa ukapoa, kisha panda mtama au mahindi humo, kwa maana kuvu hawa hawazaliani bila mzizi ulio hai. Baada ya miezi mitatu hivi kata mashina, acha kumwagilia mpaka udongo ukauke, halafu katakata mizizi uichanganye na udongo wake. Ndoo moja tu inatosha kuanzia, na sikubaliani kabisa na wanaokomba udongo wa msituni kwa lori kwa kisingizio cha kilimo hai.

Si kila ua litafaidika. Karnesheni kwa kawaida haishirikiani na kuvu hawa, na okidi zina kuvu wao wengine kabisa, ambao bila wao mbegu zake ndogo kama vumbi hazioti porini.

Kwa miche mingine, weka kiganja kimoja cha mchanganyiko huo ndani ya shimo, chini ya mizizi, wakati wa kuhamisha mche. Ukiunyunyiza juu ya kiriba, huenda kuvu wasiufikie mzizi.