Mzee wa Kitandani Hatunzwi na Mtu Mmoja

Ibara ya 57 ya Katiba ya Kenya inampa mzee haki ya kupata matunzo na msaada unaofaa kutoka kwa familia yake na kwa Serikali. Ni nani hasa atakayeyatoa matunzo hayo, katiba haisemi, na katika nyumba nyingi jambo hilo huamuliwa kwa haraka, mama akiwa tayari ameruhusiwa kutoka hospitali baada ya kiharusi: msichana wa kazi anaongezewa mshahara kidogo, anakabidhiwa mgonjwa, na watoto wanarudi Nairobi.

Wanaotetea mpango huo hawakosi hoja. Msichana huyo anaishi mle mle, amekwisha kuzoeana na mama, na gharama yake ni ndogo kuliko ya muuguzi. Zaidi ya hayo, wazee wengi huona haya kuogeshwa na mgeni. Ikiwa mzee bado anatembea, na anachohitaji ni kupikiwa, kufuliwa, kukumbushwa dawa za presha na kusindikizwa kliniki, sioni sababu ya kutafuta mtu mwingine.

Hoja hizo hulegea pale mzee anaposhindwa kujigeuza. Mgonjwa wa kitandani hugeuzwa takriban kila baada ya saa 2, usiku na mchana, na ngozi ya visigino, nyonga na sehemu ya juu ya makalio hukaguliwa kila siku. Vitabu hutaja wekundu kuwa dalili ya kwanza ya kidonda cha kulalia, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi, hivyo mtunzaji hana budi kupapasa kwa mkono akitafuta sehemu yenye joto au ugumu kuliko ngozi iliyo jirani. Mwenye shida ya kumeza naye hulishwa akiwa ameketi wima, kijiko kidogo kwa wakati, la sivyo uji huweza kuingia mapafuni. Msichana wa kazi hajafundishwa lolote kati ya hayo, na kumlaumu kidonda kinapotokea ni kumwonea. Tena Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7. Mara nyingi siku hiyo haina mtu wa kushika zamu.

Je, aajiriwe mtunzaji aliyesomea kazi hiyo? Ndiyo, kwa familia inayomudu, ingawa kozi hizo hazilingani: nyingine ni za wiki chache tu, na baadhi ya wanafunzi huzichukua wakilenga ajira za Ughaibuni. Muuguzi ana leseni inayoweza kuthibitishwa kwa Baraza la Wauguzi, lakini kumlipa akae kutwa nzima ni kutumia fedha vibaya, kwa sababu kazi zinazomhitaji, kama kusafisha kidonda au kubadilisha mpira wa mkojo, huchukua muda mfupi. Kwa maoni yangu, muuguzi na mtaalamu wa mazoezi ya viungo waitwe kwa ziara, wamfundishe anayeshinda na mgonjwa, na fedha zinazobaki zimlipe mtu wa pili wa zamu ya usiku.

Pingamizi kubwa ni kwamba familia nyingi hazina fedha hizo, na pingamizi hili siwezi kulipuuza. Ruzuku ya Inua Jamii, mpango wa Serikali wa kuwasaidia wazee na wengine wasiojiweza, ni shilingi 2,000 kwa mwezi, kiasi kisichotosha hata pampasi za mtu mzima. Wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, waliozinduliwa rasmi mwaka 2023, hufika majumbani kupima presha na sukari na kutoa rufaa, lakini hawaji kuogesha wala kugeuza mtu. Kwa hiyo mzigo humwangukia binti au mkaza mwana, ambaye huacha biashara yake bila mtu yeyote kuhesabu hasara hiyo kuwa gharama. Ndugu wanaokutana kupanga michango ya dawa wangepaswa kulijadili pato hilo lililopotea katika kikao hicho hicho, na kumpangia mhusika fungu lake la kila mwezi.