Vali Janja Haiongezi Joto

Nyumba nyingi za Uingereza hupata joto kutoka boila ya gesi inayosukuma maji ya moto kwenye radieta, yale mabamba ya chuma ya ukutani yanayopasha chumba. Sebule ikiwa joto kupita kiasi na chumba cha mwisho kikiwa baridi, watu hukimbilia kununua vali janja, yaani vali ya radieta inayoongozwa kwa simu, wakitarajia programu ya simu iweke mambo sawa. Kwa maoni yangu, huko ni kuanzia mwisho. Vali ya radieta, yenye betri au isiyo nayo, kazi yake ni kubana maji tu. Radieta isiyofikiwa na maji ya kutosha haitachemka zaidi hata ukiweka nyuzi 25 kwenye simu.

Anza kwa kuigusa radieta. Ikiwa moto chini na baridi juu, ina hewa: zima boila, toa hewa kwa funguo yake, kisha tazama geji. Boila nyingi zinataka presha ya bar 1 hadi 1.5 mfumo ukiwa umepoa. Baridi ikiwa chini katikati, hilo ni tope la kutu, na dawa yake ni kuusafisha mfumo. Ikiwa baridi yote, fungua kichwa cha vali ubonyeze pini. Inatakiwa izame kidogo na kurudi yenyewe. Ikinasa, ibonyeze taratibu mara kadhaa. Usiivute kwa koleo, maana ikichomoka maji yatamwagika.

Kazi yenyewe hasa ni kugawa maji, na ndiyo inayorukwa na wengi. Upande wa pili wa radieta kuna vali nyingine, ile yenye kofia ya plastiki. Maji hufuata njia nyepesi, hivyo radieta za karibu na pampu hujichukulia na za mbali huambulia kidogo. Toa vichwa vyote vya vali za kwanza, fungua kabisa vali hizo za pili, subiri mfumo upoe, washa boila na uandike radieta zinavyofuatana kupata moto. Ile ya kwanza, ifunge vali yake ya pili kwa spana ndogo, kisha ifungue robo mzunguko. Pima bomba la kuingia na la kutoka kwa vipimajoto vya kubana. Geuza vali hiyo kidogo kidogo hadi tofauti ikaribie nyuzi 12, kisha nenda inayofuata. Boila za kisasa nyingine hutaka hadi 20, soma kitabu chake. Kila ukiigeuza vali, subiri dakika kadhaa. Ya mwisho iache wazi.

Sasa ndipo simu ina maana. Angalia nani anaiamuru boila: ikiwa ni thamostati ya sebule (kifaa kinachopima joto na kuwasha au kuzima boila) peke yake, sebule ikifika 20 boila inazima, na vali ya chumbani inabaki wazi ikingoja maji yanayopoa. Ruhusu kila chumba kuita boila. Kisha sahihisha kipimo, kwa kuwa vali hupima hewa ya ubavuni mwa radieta, na pazia likiifunika hudanganyika zaidi. Weka kipimajoto mbali na radieta, kimo cha mita 1.5 hivi. Kikisoma 18.5 na vali ikisema 21, weka marekebisho ya −2.5.

Radieta ikiwa moto kote na chumba bado ni baridi, basi ni ndogo au joto linavuja. Ziba nyufa za dirisha kwanza, kisha badili radieta ya bamba moja uweke ya mabamba mawili yenye mapezi ya bati kati yake: kwa upana uleule hutoa joto zaidi ya mara moja na nusu.