Namba za mafuta zitanitoa roho

Jamani, hii skrini ya mafuta kwenye gari langu la spoti! Nikiachia pedeli mteremkoni inaandika 0.0, eti gari halinywi kitu. Nikikanyaga kidogo tu, turbo (ile feni ya kuisukumia injini hewa zaidi) ikaamka, namba inaruka mpaka lita 25 kwa kilomita 100. Sasa nishike lipi? Wastani nao, ole wako uufute ukiwa foleni: injini inanguruma, mafuta yanaungua, kilomita haziongezeki, namba inapaa tu. Juzi skrini ilisema wastani ni lita 8.4 kwa kilomita 100. Nikajaza tangi, nikapiga hesabu mwenyewe, nikapata 9.3! Hiyo karibu lita nzima kanywa nani? Halafu rafiki yangu anauliza, "Linakwenda kilomita ngapi kwa lita?" Haya, toa tena kalkuleta, gawanya 100 kwa 9.3.