Mkono ulikosa, wakahukumu moyo

Juni 7, 2011, jijini Dallas. Huku Afrika Mashariki ilikuwa tayari Jumatano, saa kumi alfajiri, na sisi tuliokuwa macho tuliona kitu ambacho mashabiki wa mpira wa kikapu wanakibishania mpaka leo. Ni mechi ya nne ya fainali za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, Miami Heat dhidi ya Dallas Mavericks. Robo ya nne ndiyo kwanza imeanza, Miami Heat wanaongoza kwa pointi 9. Nyota wao LeBron James, aliyekuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2009 na 2010, anapokea mpira, anautoa kwa mwenzake, anasogea kona na kusimama. Shambulizi linalofuata, vilevile. Robo nzima alitupa mara moja tu, na hakufunga. Alicheza dakika 46 akamaliza na pointi 8, mara ya kwanza maishani kushindwa kufika 10 katika mechi ya mchujo. Miami wakalala 86-83.

Siku tano baadaye Dallas Mavericks walimalizia kazi huko huko Miami, 105-95, wakabeba ubingwa kwa mechi 4-2.

Yaliyofuata hayakuwa lawama za kawaida. "Kachemsha" ndilo lilikuwa neno la upole. Ukazunguka mzaha kwamba ukimwomba LeBron akuvunjie dola atakupa robo tatu (sarafu ya senti 25 Wamarekani huiita robo), kwa sababu ya nne hana. Gavana wa Ohio, jimbo alikozaliwa LeBron, alitoa tamko rasmi la kuwafanya wachezaji wa Dallas kuwa wana Ohio wa heshima. Dan Gilbert, mmiliki wa Cleveland Cavaliers, klabu ambayo LeBron aliiacha mwaka mmoja kabla, aliandika hadharani kwamba hakuna njia ya mkato. Na kwenye redio, televisheni na vijiwe vya kila pembe ya dunia swali likawa moja: huyu ana moyo kweli?

Mimi nilikuwa miongoni mwa waliosema hana. Nimelirudia sana jambo hili kichwani tangu wakati ule, na sasa naona tulikuwa tumechanganya mambo mawili. Moja tulikuwa na haki nalo kabisa. Lingine hatukuwa na haki nalo hata kidogo.

Nianze na haki yetu, maana siku hizi kuna watu wanaoona kila ukosoaji wa mchezaji ni chuki. Takwimu za fainali ile haziwezi kufunikwa. Msimu wa kawaida LeBron alikuwa na wastani wa pointi 26.7, kwenye fainali ukashuka hadi 17.8. Ukijumlisha robo za nne za mechi zote sita alifunga pointi 18, yaani tatu kwa kila mechi, huku mwenzake Dwyane Wade akiwa na wastani wa 26.5 kwa mechi. Huwezi kusema ni bahati mbaya ya mtupo mmoja. Yalikuwa mazoea ya wiki mbili.

Halafu kuna asili ya mchezo wenyewe. Kwenye soka mshambuliaji anaweza kukaa dakika 20 bila kuugusa mpira na lisiwe kosa lake, kwa sababu watu 11 wanagawana kazi. Kwenye kikapu wako watano, nyota anacheza dakika 40 na ushee kati ya 48, na karibu kila shambulizi linaweza kupitia mikononi mwake akitaka. Ndiyo maana nyota mmoja anaibadilisha timu kwa kiasi ambacho kwenye soka hakipo. Anayesifiwa kwa ushindi kwa sababu hiyo hawezi kujitoa kwenye hesabu ya kushindwa kwa sababu hiyo hiyo.

Na LeBron alikuwa ameyaita mwenyewe. Julai 2010 alitangaza uamuzi wa kuhamia Miami katika kipindi maalumu cha televisheni, watu wa Cleveland wakisubiri kama ndugu wanaosubiri majibu ya mgonjwa. Kesho yake, jukwaani Miami, akahesabu ubingwa ambao wangechukua: si mbili, si tatu, si nne, akaendelea hadi akafika saba. Wahenga walisema ngoma ikilia sana haikawii kupasuka. Na katikati ya fainali, yeye na Wade walionekana kwenye kamera wakijikohoza, wakati Dirk Nowitzki wa Dallas alikuwa amecheza mechi ya nne akiwa na homa. Nowitzki aliuita utoto. Watu waliokasirishwa na hayo walikuwa na sababu.

Mpaka hapo sina ugomvi na mkosoaji yeyote. Ugomvi wangu unaanza pale lawama zinapotoka uwanjani na kuingia kifuani mwa mtu.

Tazama kilichotokea hasa katika mchezo. Dallas hawakuwa na mtu mmoja wa kumzima LeBron, hivyo walikaba kwa kanda, yaani kila mlinzi analinda eneo lake badala ya mtu wake: Shawn Marion mbele yake, Tyson Chandler nyuma chini ya kikapu, njia ya katikati imezibwa. Ilifika mahali Jason Kidd, mwenye umri wa miaka 38, akawa anamkaba mtu mwenye nguvu kuliko yeye mara mbili. Dawa ya hapo inajulikana: unasogea karibu na kikapu, unampa mlinzi mgongo, unageuka na kutupa. LeBron wa 2011 hakuwa na silaha hiyo ya kutegemewa. Alipofungiwa njia alibaki na kutupa kutoka mbali au kutoa pasi, akachagua pasi.

Hayo ni maelezo ya ufundi, na yana faida moja kubwa: yanaweza kufanyiwa kazi. Majira yale ya joto LeBron alikwenda Houston kwa Hakeem Olajuwon, yule mzaliwa wa Lagos aliyekuwa bingwa wa kucheza mgongo kwa kikapu, akafundishwa. Msimu uliofuata Miami waliifunga Oklahoma City 4-1 na yeye akatangazwa mchezaji bora wa fainali. Aliyemwambia "huna mchezo wa karibu na kikapu" alimwambia jambo la kweli na la kumsaidia. Aliyemwambia "huna moyo" alimwambia nini? Moyo unafanyiwa mazoezi wapi, na nani alikuwa ameuona?

Najua jibu linalotolewa hapa. Watu husema ile fedheha ndiyo iliyompika; kwamba bila kuzomewa 2011 asingepata ubingwa wa 2012, 2013 na 2016. Hoja hii ina chembe ya ukweli, kwa sababu LeBron mwenyewe alikiri baadaye kwamba mwaka ule wa kwanza Miami alicheza kwa hasira ya kutaka kuwathibitishia watu, akapoteza furaha ya mchezo. Lakini hoja hii inawahesabu waliosimama tena na kuwasahau walioanguka moja kwa moja.

Miaka 16 kabla, tarehe ile ile ya Juni 7, Orlando Magic walikuwa wanacheza mechi ya kwanza ya fainali za 1995 dhidi ya Houston Rockets. Orlando wanaongoza 110-107, zimebaki sekunde kama 10, Nick Anderson anapewa mitupo huru miwili. Anayejua kikapu anajua mtupo huru ni nini: hakuna anayekukaba, kikapu hakisogei, umesimama mita nne na nusu hivi, kila mtu kakunyamazia au kakupigia kelele. Anakosa wa kwanza. Anakosa wa pili, lakini mpira unarudi mikononi mwake na anafanyiwa rafu tena. Anapewa miwili mingine. Anakosa wa tatu. Anakosa wa nne. Mmoja tu ungetosha karibu kumaliza mechi. Kenny Smith akasawazisha kwa mtupo wa pointi tatu, Houston wakashinda 120-118 katika muda wa nyongeza, wakaendelea hadi 4-0.

Kabla ya usiku ule Anderson alikuwa anafunga mitupo huru kama 70 kati ya 100. Msimu wa 1996-97 alifunga 40 kati ya 100. Wakampa jina la utani la kumfananisha na tofali, likamfuata kila uwanja alioingia. Sisemi kelele za watu peke yake ndizo zilizomvunja. Mitupo ile ingemuuma hata kama dunia nzima ingekaa kimya, na mwenyewe amekiri ilimkaa kichwani. Ila anayesema fedheha humjenga mchezaji inabidi aniambie ilimjengea nini Anderson.

Watanzania tunalijua hili kwa karibu kupitia kijana wetu Hasheem Thabeet. Mwaka 2009, klabu za NBA zilipochagua wachezaji wapya kwa zamu, Memphis walimchagua wa pili, mbele ya James Harden na Stephen Curry, na tangu hapo kila orodha ya chaguo baya inapoandikwa jina lake lazima liwemo. Hakujichagua. Waliomchagua ni watu wazima waliolipwa kwa kazi hiyo, na majina yao hakuna anayeyakumbuka.

Kuna pia hesabu moja ambayo inaniudhi kila inaporudiwa. LeBron amefika fainali mara 10, ameshinda 4 na kupoteza 6. Michael Jordan alifika 6 akashinda zote. Wengi hufunga mjadala hapo. Lakini Jordan alitolewa raundi ya kwanza mwaka 1985, 1986 na 1987, na hakuna anayemwandikia doa. Yaani ukifungwa mapema unasamehewa, ukipigana hadi siku ya mwisho ndipo unahesabiwa dhambi. Mwaka 2015 LeBron alipoteza fainali akiwa na wastani wa pointi 35.8, akicheza bila Kevin Love na, baada ya mechi ya kwanza, bila Kyrie Irving, wote majeruhi. Fainali hiyo nayo imo kwenye zile sita, uzito wake sawa na ile ya 2011.

Na siku hizi mambo yamekuwa mabaya zaidi, tangu Mahakama Kuu ya Marekani ilipofungua mlango wa kamari ya michezo majimboni mwaka 2018. Mtu ambaye mkeka wake umechanika kwa ribaundi moja, yaani mpira uliodakwa baada ya mtupo kukosa, anaingia moja kwa moja kwenye simu ya mchezaji na kumtukania mama. Huyo hakosoi mchezo.

Kinachoniondolea kabisa imani katika hukumu za moyo ni mtu aliyebeba kombe lenyewe mwaka ule. Dirk Nowitzki ndiye aliyekuwa mfano wa woga kabla ya LeBron. Mwaka 2006 Dallas waliongoza fainali 2-0 dhidi ya Miami hao hao, mechi ya tatu wakawa mbele kwa pointi 13 robo ya nne, wakapoteza ile na tatu zilizofuata. Dirk alikosa mtupo huru wa kusawazisha katika sekunde za mwisho. Mwaka uliofuata walishinda mechi 67, yeye akawa mchezaji bora wa ligi, na wakatolewa raundi ya kwanza na Golden State walioingia wakiwa wa nane. Akaitwa laini. Miaka minne aliishi na neno hilo.

Sasa angalia mechi ya sita ya 2011. Kipindi cha kwanza Dirk alitupa mara 12 akafunga mmoja. Aliyeishikilia Dallas usiku ule ni Jason Terry, aliyefunga pointi 27. Kama Terry naye mkono ungekuwa mbaya, magazeti ya kesho yake yalikuwa yameshaandikwa, na jina lake lingekuwa mle mle mwa LeBron. Lakini Terry alifunga, Dirk akaamka kipindi cha pili, Dallas wakashinda.

Mechi ilipokuwa inakwisha, Dirk hakubaki uwanjani kushangilia na wenzake. Alipita juu ya meza ya waamuzi akaenda zake chumba cha kubadilishia nguo, peke yake, akalia. Ikabidi afuatwe aje kupokea kombe. Usiku ule hakuna aliyemwita laini.