144,000: Ni Hesabu au Ni Picha?

Jumamosi moja asubuhi Mashahidi wa Yehova wawili, mama wa makamo na binti yake, walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba mtaani kwetu. Walipokaribia kijiwe cha kahawa, mzee mmoja akawadaka kabla salamu hazijaisha: "Mama, si mnasema nafasi ni 144,000? Na nyie duniani mko mamilioni. Zimeshajaa hizo, sasa mnagawa fomu za nini?" Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Yule mama naye akacheka. Akasema, "Baba, mimi hiyo nafasi sijawahi kuiomba," akaaga, wakaendelea na safari yao.

Nadhani wengi pale hawakumwelewa. Mzaha wa 144,000 tumeurudia mpaka tunauchukua kuwa ndiyo imani yenyewe: kwamba Mashahidi wanasema wataokoka watu 144,000 basi, wengine wote kwaherini. Hawasemi hivyo. Wanachofundisha ni kwamba watu 144,000 wanachaguliwa kwenda mbinguni kutawala pamoja na Kristo, na waliobaki waaminifu, bila idadi, wataishi milele hapa hapa duniani ikiwa imefanywa paradiso. Mgawanyo huo waliutangaza waziwazi tarehe 31 Mei 1935, kwenye mkutano wao mjini Washington. Joseph Rutherford, aliyekuwa akiwaongoza wakati huo, aliwaomba wenye tumaini la kuishi duniani wasimame, na sehemu kubwa ya ukumbi ikasimama.

Ukitaka kuiona imani hiyo kwa macho, nenda kwenye Ukumbusho wao wa kifo cha Yesu, usiku mmoja tu kwa mwaka. Sahani ya mkate usiotiwa chachu inapita mkono kwa mkono, safu kwa safu, kisha glasi ya divai nyekundu inafuata njia ile ile. Katika kumbi nyingi vyote hurudi mezani kama vilivyoondoka, kwa kuwa anayekula na kunywa ni yule tu anayejiona ameitwa mbinguni. Mimi niliyelelewa katika kanisa ambalo kukosa meza ya Bwana ni aibu, hata adhabu, sikujua nilitazame vipi jambo hilo. Watu wanaichukua kwa heshima, wanampa jirani, hawaonji. Katika historia ya madhehebu yenye mafundisho ya wateule wachache ni nadra kukuta mamilioni wanaoitetea orodha kwa nguvu zote huku wenyewe wakikiri kwamba majina yao hayamo.

Hata hivyo hesabu hiyo imewasumbua hata wao. Kwa miaka mingi walifundisha kwamba mwito wa kwenda mbinguni kimsingi ulifungwa karibu na 1935, hivyo wanaokula mkate walitarajiwa kupungua kadiri wazee wanavyofariki. Wakapungua kweli, mpaka chini ya 9,000 mwaka 2005. Kisha wakaanza kuongezeka, na miaka ya karibuni wamevuka 20,000. Mwaka 2007 gazeti lao lilieleza kwamba mwaka maalumu wa kufungwa kwa mwito huo hauwezi kutajwa. Ukishaichukua namba kuwa idadi kamili ya watu, kila mwaka unaletewa ripoti ya mahudhurio, na ripoti haina adabu kwa mafundisho.

Turudi kwenye Maandiko yenyewe, maana ugomvi wote umetoka sura moja, Ufunuo 7. Yohana anasikia hesabu ya waliotiwa muhuri: mia na arobaini na nne elfu, 12,000 kutoka kila kabila la Israeli. Aya chache mbele, ya tisa, anaona umati ambao hakuna awezaye kuuhesabu, wa kila taifa na kabila na lugha.

Wanaosema ni hesabu halisi wana hoja moja nzito, na wapinzani wao huiruka haraka mno. Sura hiyo hiyo imeweka kando kwa kando kundi lenye idadi na kundi lisilohesabika. Kama ile namba ya kwanza nayo ni namna tu ya kusema "watu wengi sana", Yohana alikuwa na haja gani ya kutofautisha? Ukiongeza maneno ya Yesu kuhusu "kundi dogo" katika Luka 12, unaona kwa nini mtu mwenye akili timamu anaweza kuhitimisha kwamba makundi ni mawili, moja dogo, moja kubwa.

Shida inaanza ukisoma kidogo zaidi. Sura ya 7 inasema wanatoka makabila ya Israeli. Sura ya 14 inasema ni bikira, wasiojitia unajisi pamoja na wanawake. Anayetaka kusoma neno kwa neno atajikuta na Wayahudi wanaume 144,000 ambao hawajaoa. Mashahidi hawaendi huko: kwao Israeli hapo ni Israeli wa kiroho, ubikira ni usafi wa imani, na wanawake wamo. Kwa hiyo katika sentensi zile zile kabila ni picha, ubikira ni picha, Mwana-Kondoo ni picha, ila namba peke yake imesimama kama risiti ya dukani. Sijaona bado sababu ya kuridhisha ya kuibakiza hiyo moja.

Wahubiri wa unyakuo, wanaofuata njia ya John Nelson Darby, mhubiri wa karne ya 19, iliyosambazwa sana na Biblia yenye maelezo ya Scofield ya 1909, angalau wako thabiti zaidi. Kwao makabila ni makabila: Wayahudi 144,000 watakaohubiri wakati wa dhiki kuu, kanisa likiwa limeshanyakuliwa. Lakini hata hapo orodha inagoma. Kabila la Dani halimo. Efraimu naye hatajwi, halafu Manase yumo pamoja na baba yake Yusufu, utadhani mtu kaandikwa mara mbili kwenye daftari la wapiga kura. Irenayo, askofu wa Lyon katika karne ya 2, aliona pengo la Dani akasema ni kwa kuwa Mpinga Kristo atatoka kabila hilo. Ni jibu, lakini ni jibu la mtu ambaye tayari amekubali kwamba orodha inasema kitu zaidi ya uandikishaji.

Mimi nimekaa upande wa picha. Kumi na mbili mara kumi na mbili mara elfu moja ni namba ya mtu anayejenga, na Yohana haiachi hapo. Katika sura ya 21 mji mtakatifu unapimwa: kila upande, kwa kipimo cha Kigiriki, ni stadia 12,000, na ukuta wake ni dhiraa 144. Sijawahi kukutana na mhandisi anayelala macho akiwaza zege la ukuta ule. Zaidi ya hapo, Yohana ana mtindo wake: anasikia kitu kimoja, akigeuka anaona kingine, na vyote viwili ni kitu kile kile. Katika sura ya 5 anasikia habari za Simba wa Yuda; anapotazama, amesimama Mwana-Kondoo kama aliyechinjwa. Sura ya 7 inakwenda vivyo hivyo, anasikia namba, anaona umati.

Lakini kwa nini kuhesabu kabila kwa kabila? Aliyesoma kitabu cha Hesabu atakumbuka kwamba katika Agano la Kale watu hupangwa hivyo kwa ajili ya vita. Sura ya 31 ya kitabu hicho inatoa watu 1,000 wa kila kabila, jumla 12,000 wenye silaha, kwenda kupigana na Midiani. Na wanaume walioko vitani walijitenga na wanawake; Daudi anamhakikishia kuhani jambo hilo katika 1 Samweli 21 kabla ya kupewa mikate. Ghafla wale bikira wa sura ya 14 hawashangazi tena. Yohana ameandika gwaride la jeshi, kisha akaonyesha jeshi lenyewe: watu wenye mavazi meupe na matawi ya mitende, waliotoka kwenye dhiki, ambao hawakumuua mtu. Kwa makanisa madogo ya Asia Ndogo mwishoni mwa karne ya 1, yaliyobanwa na dola ya Kirumi, ujumbe huo ulikuwa na uzito kuliko takwimu.

Sasa niseme na upande wangu. Sisi wa picha tuna tabia moja mbaya. Tukishasema "hiyo ni ishara tu", tunajinyoosha na kumaliza kahawa, kana kwamba umati usiohesabika maana yake ni kila mtu. Ufunuo hausemi hivyo. Sura ya 20 ina kitabu cha uzima na watu ambao hawakuonekana humo. Origeni wa Aleksandria, mwalimu wa kanisa wa karne ya 3, alifundisha kwamba mwishowe viumbe vyote vitarejeshwa kwa Mungu, na mafundisho yaliyobeba jina lake yakalaaniwa mjini Constantinople mwaka 553. Kanisa Katoliki lilitamka kwenye Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Firenze, 1442, kwamba walio nje ya Kanisa hawawezi kuupata uzima wa milele; mwaka 1964 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukasema asiyeijua Injili bila kosa lake, lakini anamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu, anaweza kuupata wokovu. Mlango umepanuliwa sana, ila hata hapo haujang'olewa bawaba.

Wanaobana mlango nao wana historia yao. Tarehe 17 Machi 2000 huko Kanungu, Uganda, mamia ya wafuasi wa kundi lililotabiri mwisho wa dunia waliteketea ndani ya jengo lao la ibada. Mwaka 2023 msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ulifukuliwa na kutoa miili zaidi ya 400. Waendesha mashtaka wanadai waumini waliambiwa wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu, na mhubiri wao, Paul Mackenzie, alikana mashtaka.

Hata hivyo kuwatupia Shakahola wote wanaohubiri njia nyembamba ni uonevu. Walokole wa uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika katika miaka ya 1930 na 1940 walikuwa wakali kuhusu nani ameokoka. Swali lao, "Umeokoka?", lilikera vijiji vizima, pamoja na wachungaji waliokuwa na joho lakini, kwa macho ya walokole, hawana ushuhuda. Lakini ukali huo ulimfanya mtu arudishe jembe aliloiba miaka kumi nyuma na kuungama mbele ya mwenye jembe. Orodha yao ilikuwa fupi, lakini ilikuwa wazi: yeyote aliyetubu aliingia, na jirani aliweza kuona kama kuna kilichobadilika. Kinachonitisha ni orodha anayoishika mtu mmoja, yenye tarehe ya kufunga ambayo yeye peke yake ameambiwa.

Yesu aliulizwa swali hili ana kwa ana, Luka 13: je, wanaookolewa ni wachache? Hakutaja idadi. Aliwaambia jitahidini kuingia katika mlango ulio mwembamba, na mistari michache mbele akasema watakuja watu kutoka mashariki na magharibi, kaskazini na kusini, wakae karamuni. Wabanaji hunukuu nusu ya kwanza, wapanuaji nusu ya pili, na wote husema wamenukuu Luka 13.

Ninakokutana na swali hili kwa ukali kuliko kokote ni msibani. Mwaka juzi tulizika jirani yetu, mzee aliyebatizwa utotoni, akaoa kanisani, kisha kwa miaka mingi hakuonekana ibadani. Usiku wa kuamkia mazishi mzee wa kanisa alikuja na daftari. Akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye mistari, akasimama kwenye jina. Bahasha za ahadi, miaka mitatu, tupu. Jumuiya, hayupo. Akasema kwa upole kabisa kwamba usharika hautaweza kuongoza ibada. Mtoto wa marehemu akafoka kwamba wokovu hauuzwi kwa bahasha. Mzee akamjibu, "Mwanangu, baba yako alijitenga nasi akiwa na miguu yake. Leo tumbebe kwa nguvu?"

Sikuweza kumpuuza. Jumuiya ile ndiyo inayopika kwenye misiba, inayochangisha sanda, inayolala nje kwenye mkeka na wafiwa, na daftari lile ndilo linaloiendesha. Ila mzee alipolifunga, waliokuwa pale uani hawakusikia habari za michango. Walisikia marehemu amekwenda wapi.

Mwisho familia ilimleta mwinjilisti mstaafu kutoka kijiji cha pili. Alikuja na bodaboda, bila joho, shati jeupe lenye kola iliyochakaa. Pale kaburini alifungua Biblia yake kwenye Ufunuo 7. Nilikuwa karibu, nikaona kidole chake kinashuka ukurasa, kinapita Yuda, Reubeni, Gadi na wenzao wote, kinatua kwenye aya ya tisa. Akaanzia hapo kusoma.