Bahari Yetu Tunaiuza kwa Pupa

Nitasema jambo litakalowaudhi baadhi ya ndugu zangu wa Unguja. Mbizi ninazopiga Uingereza ninakoishi, kwenye shimo la machimbo ya mawe lililojaa maji baridi, zinanipa raha kuliko ile niliyoilipia kwa dola kule Mnemba, kisiwa kidogo kaskazini mashariki mwa Unguja. Bahari yenyewe sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni namna tunavyoiuza.

Shimo lenyewe linaitwa Stoney Cove, liko Leicestershire. Machimbo yaliposimama, chemchemi zikalijaza, na sasa kina chake kinafika kama mita 35. Mwaka 2000 walizamisha humo meli chakavu, Stanegarth, ili wazamiaji wapate cha kutazama, maana vinginevyo hakuna kitu: majabali, tope, na samaki wa maji baridi wasio na rangi ya kumvutia mtu aliyelelewa kwa changu na pono. Unavaa suti nzito ya mpira na bado vidole vinakufa ganzi. Mke wangu huniuliza nalipwa shilingi ngapi kwa adhabu ile.

Lakini tazama ninavyoingia. Huku kuna chama cha wazamiaji, BSAC, kilichoanzishwa mwaka 1953, chenye klabu mijini. Wanaofundisha ni wanachama wenyewe, kwa kujitolea, jioni baada ya kazi, kwenye bwawa la kuogelea la mtaa. Aliyenifundisha mimi ni fundi bomba. Kabla ya kuzama mnakaguana wawili wawili: mtungi, vali, mkanda wa vipande vya risasi vya kukuzamisha, hewa unaivuta mbele ya mwenzako huku yeye anaangalia geji. Na ipo kanuni moja niipendayo kuliko zote: yeyote, hata mgeni wa jana, anaweza kusema leo sizami, na haulizwi sababu. Nimeona bibi mmoja akisema hivyo keshavaa kila kitu, maji yako kifuani. Tukatoka sote, tukanywa chai nyuma ya gari. Hakuna aliyemsuta.

Sasa njoo nyumbani. Sisi tuliozaa huku Uingereza hatuchagui msimu. Shule zinafungwa Julai na Agosti, kwa hiyo tunakuja na upepo wa kusi, kwa nauli iliyopanda maradufu. Niliingia kwenye ofisi ya kuzamia pwani ya kaskazini, kijana wa mapokezi akanisemesha Kiingereza, kisha akaniuliza wageni wangu wako wapi. Alidhani nimeleta wateja na nataka kamisheni. Nilipomwambia mzamiaji ni mimi, alicheka kwanza, akaniomba radhi, halafu akanitajia bei ileile ya Mtaliano. Nikalipa.

Siku hiyo ilikuwa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu. Nahodha, mzee wa kijiji cha Matemwe, aliniambia taratibu nilipokuwa napanda mashua: "Leo maji yanakwenda mbio, mwanangu. Ingekuwa hiari yangu tungengoja yatulie." Haikuwa hiari yake. Wageni walikwisha kusombwa hotelini tangu asubuhi, na kundi la mchana lilikuwa njiani. Mtu aliyejua maji yale kuliko sote mashuani ndiye aliyekuwa hana kauli.

Mnemba tulikuta mashua zimepangana utadhani daladala za Darajani. Kisiwa chenyewe kimekodishwa hoteli ya kifahari, mimi na wewe hatukanyagi. Sote tunabanana kwenye mwamba unaokizunguka. Chini mchanga ulikuwa umetibuka. Kiongozi alikuwa mmoja na sisi tulikuwa kundi zima, wengine wakiwa wageni kabisa wa mbizi, mapezi yao yanapiga matumbawe kila wanapotafuta mizani. Mmoja alipiga magoti juu ya tumbawe ili apigwe picha. Nilimwona mkunga akichungulia pangoni, pono wachache, na kasa aliyekimbizwa na kamera mpaka akapotelea kwenye kina. Kwingine ni vifusi vitupu vya matumbawe. Kabla hewa haijafika nusu tukaonyeshwa kidole gumba: juu.

Huko juu zikaanza kelele za "Pomboo! Pomboo!" na mashua zote zikageuza kuwazingira, watu wanarukia maji mbele yao. Kwenye mashua ya jirani kijana alimwinua kiti cha pweza juani, akapokezwa huyu na huyu kwa ajili ya picha.

Vifusi vyote sitaviweka kwenye hesabu ya wenye mashua. Joto la bahari la mwaka 1998 na la 2016 lilipausha matumbawe ukanda wetu mzima, na hilo halikutoka Matemwe. Ila nanga na mapezi ni yetu.

Najua jibu linalokuja: umekwenda Ulaya umerudi na maringo, vijana wanatafuta riziki. Haya. Kwanza, Ulaya si malaika. Makampuni ya maji ya Uingereza humwaga maji machafu mitoni na baharini mvua ikizidi, na fukwe zao kadhaa huwekwa onyo la kutooga. Pili, mifano mizuri iko kwetu. Chumbe, kisiwa kidogo cha hapo Unguja, imehifadhiwa tangu miaka ya 1990: hakuna kuvua, hakuna kuzama na mtungi, wageni ni wachache kwa siku, na walinzi wake wa mwanzo walikuwa wavuvi wa hapohapo waliofunzwa. Mafia nayo ina hifadhi ya bahari tangu 1995. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba utaratibu ni mambo ya wazungu. Riziki ya hao vijana ndiyo inayovunjwa kwa mapezi, kwani mgeni akikosa cha kuona atakwenda Misri au Maldives, wao watabaki na mashua.

Kinachoniuma zaidi ni yule fundi bomba. Mtu wa kawaida Uingereza, kwenye maji mabaya kiasi kile, ana njia ya kuyaona. Mtoto wa Matemwe, anayejua bamvua na maji mafu kabla hajajua kusoma, mara nyingi anaugusa mtungi wa hewa akiwa ameubeba begani kumpelekea mgeni. Na ikiwa ni msichana, pengine hata kuogelea hajafundishwa.

Walimu wenye vyeti tunao, Nungwi na Matemwe. Mabwawa yamo katika hoteli nyingi, na masika mengi hukaa matupu. Anayemjua meneja wa kumwomba jioni mbili kwa wiki kwa ajili ya watoto wa kijijini aniandikie. Klabu yetu ina kabati zima la miwani na mapezi yaliyotumika, na katibu amekwisha kukubali tuyafungashe tuyatume.